Msimamo Haufungi: Kutatua Matatizo ya Makala za Misimu ya Soka la Uingereza

Mwongozo huu ni wa wanaoandika misimu ya soka la Uingereza kwenye kamusi elezo, hasa Wikipedia ya Kiswahili. Umepangwa kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye ukurasa wako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi, kisha shuka. Ukikuta neno SIMAMA, acha kuhariri na umwite mwenye ujuzi au mamlaka anayetajwa hapo.

Kabla ya yote, andika pembeni mambo manne kuhusu msimu unaoushughulikia: timu zilikuwa ngapi, ushindi ulikuwa na pointi ngapi, timu zilizolingana pointi zilitenganishwa kwa kigezo gani, na kupanda au kushuka daraja kuliamuliwaje. Makosa mengi ninayokutana nayo yamezaliwa hapa: mtu ameandika msimu wa 1935 kwa kanuni za leo. Football League ilianza mwaka 1888 ikiwa na timu 12. Ushindi ulikuwa pointi 2 hadi msimu wa 1981–82, ulipoanza kuhesabiwa pointi 3. Tofauti ya mabao ilianza kutumika 1976–77. Michezo ya mchujo ya kupanda daraja, kama tunavyoijua leo, ilianza 1986–87. Idadi ya timu za daraja la juu nayo ilipanda na kushuka: zilikuwa 22 kuanzia 1919–20, zikawa 21 mwaka 1987–88, 20 mwaka uliofuata, zikarudi 22 mwaka 1991–92, kisha 20 tena kuanzia 1995–96. Ukikisia idadi, kila hesabu inayofuata itakuwa mbovu.

Dalili ya 1: Jumla za msimamo hazifungi

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Msomaji anasema pointi za timu fulani hazilingani na ushindi na sare zake, au mabao yaliyofungwa na timu zote ni mengi kuliko yaliyoruhusiwa.

Anza na mistari. Kwa kila timu, ushindi ukijumlishwa na sare na mechi zilizopotea lazima uwe sawa na idadi ya mechi. Kisha nenda kwenye safu: jumla ya ushindi wa timu zote iwe sawa na jumla ya kupoteza, mabao ya kufunga yawe sawa na ya kufungwa, na jumla ya safu ya sare iwe namba shufwa, kwa sababu kila sare inaandikwa mara mbili. Idadi ya mechi za msimu unaipata kwa kuzidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo kasoro moja. Timu 20 hucheza mechi 380, timu 22 mechi 462, timu 24 mechi 552. Enzi ya pointi 2, jumla ya pointi zote ni mechi mara mbili, basi; ligi ya timu 22 lazima itoe pointi 924. Enzi ya pointi 3, zidisha mechi kwa 3 kisha toa idadi ya mechi zilizoisha sare.

Hesabu ikikataa, sababu ni hizi, kuanzia ya kawaida zaidi.

*Vidole vimeteleza.* Mtu ameandika 27 badala ya 72, au 45 badala ya 54. Kuna ujanja wa wahasibu unaosaidia sana hapa: ukipata pengo kati ya mabao ya kufunga na ya kufungwa, na pengo hilo linagawanyika kwa 9 bila kubaki, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi mahali fulani. Tafuta hizo kwanza kabla ya kuanza kuandika upya jedwali zima.

*Vyanzo viwili vya tarehe tofauti.* Nusu ya jedwali imechukuliwa kwenye gazeti la Jumapili, nusu nyingine kwenye tovuti iliyosasishwa Jumanne baada ya mechi ya kiporo. Tiba ni moja: chagua chanzo kimoja, chukua jedwali lote humo, uandike tarehe yake chini. Kwa msimu unaoendelea, usiingize matokeo ya mechi ambayo bado iko uwanjani. Ngoja filimbi ya mwisho, ubadilishe timu zote mbili kwa wakati mmoja.

*Timu imekatwa pointi.* Hapa ndipo wahariri wenye nia njema wanapoharibu makala sahihi. Angalia Middlesbrough ya 1996–97: ushindi 10, sare 12, kupoteza 16. Kwa hesabu ni pointi 42, lakini msimamo unasema 39. Mtu anaona kosa, anaweka 42, na ghafla timu iliyoshuka daraja inaonekana imebaki huku Coventry iliyobaki kwa pointi 41 ikionekana imeshuka. Ukweli ni kwamba Middlesbrough walikatwa pointi 3 kwa kutokwenda kucheza na Blackburn Desemba 1996. Portsmouth ya 2009–10 walipata 28 uwanjani wakamaliza na 19. Adhabu hizi si za juzi: Sunderland walikatwa pointi 2 msimu wa 1890–91 kwa kumchezesha kipa Ned Doig bila idhini, kwa hiyo msimu ule wa timu 12 una jumla ya pointi 262, si 264.

Msimu wa 2023–24 unaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kumchanganya hata mtu makini. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, rufaa ikapunguza adhabu hadi 6 Februari 2024, kisha wakakatwa nyingine 2 Aprili. Chanzo cha Desemba, cha Machi na cha Mei vyote ni sahihi kwa siku yake, na vyote vinatofautiana. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi 13 na sare 9, yaani 48, wakaandikiwa 40. Nottingham Forest nao walitoka 36 hadi 32. Namna ya kuandika ni hii: safu za ushindi, sare na kupoteza ziache kama zilivyo, safu ya pointi iwe na idadi rasmi ya mwisho, na chini ya jedwali kuwe na tanbihi inayosema zilikatwa ngapi, lini na kwa nini. Bila tanbihi, mtu mwingine atakuja "kurekebisha".

*Chanzo chenyewe kimekosea.* Hutokea kwa misimu ya zamani, hasa kabla ya vita ya kwanza. Tiba ni ndefu: jenga jedwali upya kutoka kwenye matokeo ya mechi moja moja, kila timu nyumbani na ugenini.

SIMAMA iwapo vyanzo viwili vinavyoaminika vinapishana na hesabu haikuambii kipi ni sahihi. Usichague kwa hisia, wala usiandike idadi uliyoikokotoa mwenyewe kana kwamba imechapishwa. Weka zote mbili kwenye tanbihi, peleka suala kwenye ukurasa wa Majadiliano, na umtafute mhariri mwenye uwezo wa kuingia kwenye hifadhi za magazeti ya zamani ya Uingereza.

Dalili ya 2: Timu mbili zina pointi sawa na mpangilio unaonekana kinyume

Angalia mwaka kwanza. Ikiwa ni kabla ya 1976–77, kilichotumika ni wastani wa mabao: mabao ya kufunga yanagawanywa kwa ya kufungwa. Si kutoa, ni kugawanya.

Mfano ninaoupenda ni 1923–24. Huddersfield Town na Cardiff City walimaliza na pointi 57 kila mmoja. Huddersfield walifunga 60 wakafungwa 33. Cardiff 61 kwa 34. Tofauti ya mabao ni 27 kwa wote. Kwa kanuni za leo tungeangalia mabao ya kufunga, na Cardiff wangekuwa mabingwa kwa bao moja. Kwa kanuni ya wakati ule, 60 kugawanya kwa 33 ni 1.818, na 61 kugawanya kwa 34 ni 1.794. Huddersfield ndio mabingwa. Siku ya mwisho Len Davies wa Cardiff alikosa penalti huko Birmingham, mechi ikaisha 0–0, na penalti ile moja ilikuwa na uzito wa ubingwa wa nchi nzima. Jedwali lenye safu ya tofauti ya mabao haliwezi kumweleza msomaji kilichotokea. Weka safu ya wastani wa mabao yenye desimali tatu, ufute ile ya tofauti.

Fanya hivyohivyo kwa 1952–53, Arsenal walipowapita Preston North End wote wakiwa na pointi 54, na kwa 1964–65, Manchester United na Leeds United wakiwa na 61.

Ikiwa ni 1976–77 au baadaye na tofauti ya mabao nayo iko sawa, nenda kwenye mabao ya kufunga. Arsenal na Liverpool ya 1988–89: pointi 76, tofauti ya mabao 37 kwa wote, Arsenal wamefunga 73 na Liverpool 65. Ndiyo sababu lile bao la pili la Arsenal pale Anfield tarehe 26 Mei 1989 lilibeba kombe.

Sababu ya tatu inawanasa hata wazoefu. Kati ya 1992–93 na 1998–99, madaraja ya Football League, yaani yaliyo chini ya Premier League, yalitenganisha timu kwa mabao ya kufunga bila kuangalia tofauti kwanza. Ukiona jedwali la miaka hiyo ambamo timu yenye tofauti mbaya iko juu ya yenye tofauti nzuri, na ya juu imefunga mabao mengi zaidi, usiguse. Jedwali liko sawa.

Na usilete matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana kama kigezo cha kwanza. Huo ni utaratibu wa Hispania.

Dalili ya 3: Timu imepungua, au mechi hazifiki idadi

Hesabu timu. Zikiwa pungufu kwa moja, mara nyingi mhariri ameisahau tu, na kwa kawaida ni ile ya katikati ya msimamo. Ikiwa haikusahaulika, angalia kama kuna klabu iliyojitoa au kufukuzwa. Accrington Stanley walijitoa Machi 1962 na matokeo yao ya Daraja la Nne yakafutwa. Aldershot nao yaliwapata hayo Machi 1992. Bury walifukuzwa Agosti 2019, ndiyo maana League One (daraja la tatu) ya 2019–20 ina timu 23. Timu ya namna hii haipewi mstari ndani ya msimamo, lakini lazima itajwe kwenye maandishi, na mechi zake zilizofutwa zielezwe.

Kesi ya Leeds City inahitaji uangalifu wa pekee. Walifukuzwa Oktoba 1919 baada ya mechi 8 za Daraja la Pili, na Port Vale wakachukua nafasi pamoja na rekodi ile. Mstari wa Port Vale una mechi 42, ila wao wenyewe walicheza 34. Ukiandika makala ya Port Vale msimu huo, usiwape ushindi ambao hawakuupata.

Mechi zikipungua kwa timu zote, fikiria vita au ugonjwa. Msimu wa 1939–40 ulisimamishwa Septemba 1939 baada ya timu za daraja la juu kucheza mechi tatu tatu. Matokeo hayahesabiwi rasmi, na Blackpool waliokuwa kileleni si mabingwa. Ligi za wakati wa vita zina makala zake, zisichanganywe. Kwa upande mwingine msimu wa 1914–15 ulichezwa hadi mwisho ingawa vita vilikuwa vimeshaanza, na Everton ni mabingwa halali.

Halafu kuna 2019–20. Premier League ilisimama 13 Machi 2020, ikarudi 17 Juni, ikaisha 26 Julai, mechi zote 380 zikachezwa. League One na League Two (daraja la nne) hazikurudi. Msimamo wa mwisho ulipangwa kwa wastani wa pointi kwa mechi. Wycombe Wanderers walikuwa wa nane kwa pointi 59 katika mechi 34. Gawanya: 1.735. Oxford, Portsmouth na Fleetwood walikuwa na pointi 60 kwa mechi 35: 1.714. Wycombe wakaruka hadi nafasi ya tatu, wakaingia mchujo, wakawafunga Oxford 2–1 kwenye fainali na kupanda. Peterborough, pointi 59 kwa mechi 35, wakatoka nafasi ya sita hadi ya saba na kukosa mchujo. Msimamo huu lazima uwe na safu ya wastani. Ukiupanga kwa pointi peke yake umeandika historia isiyokuwepo.

Dalili ya 4: Msimu mmoja una mabingwa wawili wa nchi

Makala moja inasema Manchester United ni mabingwa wa 1992–93, nyingine inasema Newcastle United walitwaa First Division mwaka huohuo. Zote ni za kweli. Kuanzia 1992 Premier League ikawa daraja la juu, na jina First Division likashuka hadi daraja la pili. Mwaka 2004 majina yalibadilika tena kuwa Championship, League One na League Two. Kwa hiyo kila unapoweka kiungo cha First Division, jiulize ni kabla au baada ya 1992, na andika wazi kwenye sentensi ya kwanza ni daraja la ngapi kwa mpangilio. Newcastle ya Kevin Keegan ilipanda daraja mwaka ule. Haikutwaa ubingwa wa Uingereza.

Sababu ya pili ni majina ya wadhamini. Kombe la Ligi limeitwa Milk Cup, Littlewoods, Rumbelows, Coca-Cola, Worthington, Carling, Capital One na Carabao. Kichwa cha makala kibaki Kombe la Ligi, jina la mdhamini litajwe ndani.

Sababu ya tatu iko mkiani. Rangi ya kushuka daraja kwenye timu za mwisho za Daraja la Nne la miaka ya 1970 ni kosa. Hazikuwa zikishuka moja kwa moja. Ziliomba kura za klabu wenzao ili zibaki. Mwaka 1970 Bradford Park Avenue walikataliwa wakaingia Cambridge United, na mwaka 1978 Southport wakatolewa wakaingia Wigan Athletic. Kushuka kwa lazima kulianza 1986–87. Juu nako kulikuwa na mambo yake: Small Heath walitwaa Daraja la Pili mwaka 1892–93 na hawakupanda, kwa kuwa walifungwa na Newton Heath kwenye mechi maalum za mtihani zilizoamua kupanda.

Dalili ya 5: Kiungo cha timu kinapeleka kwingine

Newton Heath ndio Manchester United tangu 1902, na Small Heath ndio Birmingham City wa leo. Hapo andika jina la wakati ule, kiungo kielekee kwenye makala ya sasa. Lakini Accrington iliyokuwa miongoni mwa timu 12 za mwaka 1888 si Accrington Stanley, na AFC Wimbledon iliyoundwa na mashabiki mwaka 2002 haishiriki makala moja na Milton Keynes Dons. Swansea na Cardiff zinacheza kwenye ligi za Uingereza ila ni klabu za Wales, basi usiziwekee bendera ya England.

Dalili ya 6: Takwimu za mchezaji zinagombana

Hii huripotiwa zaidi kwa wachezaji wetu, na ni haki, kwa sababu ndio makala zinazosomwa. Mchukue Mbwana Samatta. Alijiunga na Aston Villa kutoka Genk dirisha dogo la Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Premier League. Kisanduku cha taarifa kinasema mechi 14, bao 1. Msomaji aliyemwona akifunga kwa kichwa pale Wembley dhidi ya Manchester City tarehe 1 Machi 2020 anakumbuka pia bao lake dhidi ya Bournemouth, anaandika 2, mwingine anarudisha 1, na historia ya ukurasa inajaa ugomvi.

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo: kisanduku huhesabu ligi peke yake. Bao la Bournemouth ni la ligi. La Wembley ni la fainali ya Kombe la Ligi. Alicheza mechi 2 za kombe hilo, ile ya marudiano ya nusu fainali na Leicester na hiyo fainali, kwa hiyo jumla ya mashindano yote ni mechi 16, mabao 2. Tiba ni kuweka jedwali dogo ndani ya makala lenye safu ya ligi, safu ya kombe na safu ya jumla, ili kila mmoja alione bao analolikumbuka.

Sababu ya pili ni tarehe. Msimu ule uliendelea hadi Julai. Aliyechukua takwimu za Machi ana idadi ndogo. Ya tatu ni bao lililobadilishiwa mfungaji: ligi huwa inapitia mabao yenye utata na inaweza kuamua kwamba beki alijifunga. Fuata orodha rasmi ya ligi, si kumbukumbu ya mtangazaji.

Rekodi za msimu nazo zinaingia humu. Erling Haaland alifunga mabao 36 mwaka 2022–23, na hiyo ni rekodi ya Premier League, yaani tangu 1992. Rekodi ya daraja la juu ni ya Dixie Dean wa Everton: mabao 60 mwaka 1927–28. Vilevile Arsenal ya 2003–04 haikufungwa katika mechi 38, nao Preston ya 1888–89 hawakufungwa katika 22. Andika rekodi ya nini, ya tangu lini, kwa mechi ngapi.

Dalili ya 7: Jedwali limevunjika

Ukiona maandishi yote ya chini yameingia ndani ya jedwali, alama ya kulifunga imesahaulika. Umbo zima ni hili, kila alama ikianza mstari wake (M ni mechi, U ushindi, S sare, K kupoteza, MF mabao ya kufunga, MK mabao ya kufungwa):

{| class="wikitable"
! Nafasi !! Timu !! M !! U !! S !! K !! MF !! MK !! Pointi
|-
| 1 || Preston North End || 22 || 18 || 4 || 0 || 74 || 15 || 40
|-
| 2 || Aston Villa || 22 || 12 || 5 || 5 || 61 || 43 || 29
|}

Ukiona maandishi mekundu yanayoanza na neno Kigezo, umenakili jedwali kutoka Wikipedia nyingine likiwa na kigezo (ukurasa mdogo unaoitwa ndani ya kurasa nyingine) ambacho hapa hakipo. Tiba rahisi ni kuachana nacho na kutumia umbo la hapo juu, ambalo halitegemei kitu kingine. Ukiwa umebadilisha kigezo na ukurasa bado unaonyesha namba za zamani, ongeza ?action=purge mwishoni mwa anwani ya ukurasa na ukubali.

SIMAMA ukikutana na ujumbe wa hitilafu ya skripti au Lua, lugha ya programu inayotumika kuandika moduli za Wikipedia. Msimamo wa kisasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza unaendeshwa na moduli, na moduli moja huita nyingine nyingi. Usizinakili moja moja, wala usihariri moduli iliyopo kwa kubahatisha, kwa sababu kosa lako litaonekana kwenye kila ukurasa unaoitumia. Mwombe mkabidhi (msimamizi wa wiki) aingize moduli pamoja na historia yake, au mtu anayejua kuandika Lua. Ukiwa na haja ya kujaribu, tumia ukurasa wako wa mazoezi.

Dalili ya 8: Makala imewekewa alama ya kufutwa

Mara nyingi ni kwa sababu ina jedwali tupu. Jedwali halielezi kwa nini kocha alifukuzwa Desemba, timu gani iliongoza hadi Februari ikaporomoka, au ubingwa uliamuliwa siku gani. Aya tano za maelezo yenye vyanzo zinaiokoa makala: nani bingwa na alithibitishwa lini, nani alishuka, nani alipanda, nini kilibadilika kwenye kanuni, na matukio makubwa. Msimu wa 2011–12 haujaandikwa hadi useme kwamba Manchester City na Manchester United walilingana kwa pointi 89, na kwamba Sergio Agüero aliwafunga QPR dakika za nyongeza tarehe 13 Mei 2012.

Sababu ya pili ni kukosa vyanzo huru. Tovuti ya klabu peke yake haitoshi. Ya tatu ni tafsiri kutoka Wikipedia nyingine bila kutaja asili. Leseni inaruhusu kutafsiri, ila inadai uwatambue waandishi, kwa hiyo kwenye muhtasari wa hariri taja ukurasa ulikotoa na uweke kiungo chake.

Ratiba na matokeo ni taarifa za ukweli, unaweza kuziandika. Machi 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya Football Dataco na Yahoo, iliamua kwamba ratiba ya mechi hailindwi kwa hakimiliki kwa sababu tu kuitengeneza kulihitaji kazi na ujuzi mwingi. Lazima kuwe na ubunifu wa mtungaji. Ripoti ya mechi ni jambo jingine: hayo ni maneno ya mtu, hayanakiliwi.

SIMAMA kabla ya kupakia nembo ya klabu, picha ya mpiga picha wa gazeti, au picha iliyokatwa kwenye video ya televisheni. Wikimedia Commons haipokei hivyo vyote bila idhini iliyoandikwa na mwenye haki. Kama una idhini, wasiliana na wanaojitolea kushughulikia ruhusa huko. Kama huna, makala iende bila picha.

SIMAMA pia, na hapa kwa nguvu zaidi, kabla ya kuandika kwamba mtu aliye hai alipanga matokeo, alikula rushwa au alitumia dawa. Kushtakiwa si kukutwa na hatia, na mashtaka hayabadilishi msimamo. Uamuzi ndio unaobadilisha. Premier League ilipotangaza Februari 2023 kuishtaki Manchester City kwa kanuni za fedha, hakuna pointi hata moja iliyohama siku hiyo. Mechi ya Manchester United na Liverpool ya Ijumaa Kuu 1915 unaweza kuiandika kuwa ilipangwa, kwa kuwa uchunguzi ulifanyika na wachezaji wakafungiwa. Kwa watu walio hai bila uamuzi rasmi, ukikuta sentensi kama hiyo haina chanzo, iondoe mara moja bila kusubiri mjadala, na umjulishe mkabidhi, ambaye anaweza kuyaficha matoleo ya zamani ya ukurasa ili yasisomeke hata kwenye historia.